Kaburi Lililoonyeshwa kwa Kidevu

Shangazi yangu hali samaki wa bwawa la baba. Nilichelewa sana kuligundua hilo, kwa sababu si mtu wa kukataa chakula kimyakimya. Akikataa kitu hukikataa kwa hotuba. Ni dada mkubwa wa baba, kiongozi wa akina mama kanisani kwao, na nadhani mchungaji wao mwenyewe humwogopa kidogo. Lakini akija kwetu Mkonze na kukuta perege mezani, huuliza kwa sauti ndogo kabla hata ya kunawa, "Hawa wa wapi?" Nikijibu wa Mtera, ananawa na kula mpaka vichwa. Nikijibu wa bwawani kwetu, anavuta bakuli la mlenda na kusema tumbo lake siku hizi halipatani na samaki.

Bwawa lenyewe si la baba, bila shaka. Ni la serikali, na kijiji kizima kinakunywa humo pamoja na ng'ombe, mbuzi na punda. Lakini lilijengwa baba akiwa mbunge wa huko, kijijini alikozaliwa, ukishapita Msalato na kuiacha lami, na watu wakalibatiza hivyo. Yeye alikuwa akijifanya hapendi jina hilo. Alilipenda mno.

Baba alianza kazi kama mwalimu wa shule ya msingi. Akagombea udiwani kwa sababu mwalimu mkuu alimuudhi, hayo ni maneno yake mwenyewe, akaukwaa, kisha akaukwaa ubunge, na kwa miaka mingi alikaa viti vya nyuma akisimama kuuliza swali lilelile: lini wananchi wangu watapata maji. Mimi nafundisha sekondari hapa mjini, na wanafunzi wangu walikuwa wakimwigiza nikigeukia ubao. Sikuwakataza, maana walimpatia vizuri, mpaka kikohozi chake cha kabla ya "Mheshimiwa Spika".

Mama yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nyumba ya baba niliitunza mimi. Siasa niliijua kwa upande wa pasi na birika la chai. Nilijua uteuzi umekaribia kwa kuona viti vya sebuleni havitoshi, na nilijua nani ana shida ya kweli, kwa kuwa huyo hupitia mlango wa jikoni. Baba alipoteuliwa naibu waziri, wageni walijaa mpaka nikaazima vikombe kwa jirani. Mwaka uliofuata fedha za bwawa zikapatikana, na kila kitu kikawa tayari isipokuwa makaburi.

Maji yangefunika bonde lote la zamani, tembe zilizobomoka na makaburi nyuma yake. Kuhama nyumba hakukuleta ubishi mkubwa, watu walikuwa wameanza kuhamia mlimani wenyewe. Lakini wazee walikaa kikao baada ya kikao wakasema hawawezi kuwafukua wazazi wao ili mbuzi wapate kunywa. Wakaja maofisa na maelezo yao, wakarudi walivyokuja. Mwishowe mzee mmoja akasema neno lililofika mjini kabla ya gari la maofisa: mheshimiwa aanze na mama yake, nasi tutafuata.

Baba akasema ataanza.

Babu yangu alikuwa na wake wawili. Mkubwa ndiye aliyewazaa shangazi na baba. Mdogo alitoka upande wa Chemba, kwa watu wenye lugha ya vidoko, ile ambayo ulimi hugonga ndani ya mdomo katikati ya neno. Hakujaliwa mtoto. Watoto wa mke mwenza walimwita mama mdogo, naye aliwabeba mgongoni kama wa kwake na kuwabembeleza kwa nyimbo za kwao, ambazo baba hakuwahi kuweza kuziimba. Wake wote wawili wa babu walifariki msimu mmoja, kwa ugonjwa wa kuhara uliopita kijijini, baba akiwa shule ya bweni mbali. Wakazikwa nyuma ya zizi, kando ya ua wa minyaa, kila mmoja chini ya rundo lake la mawe. Misalaba yao ilikuwa ya mti na mchwa waliimaliza zamani. Yakabaki marundo mawili ya mawe yanayofanana, karibukaribu.

Siku ya kuhamisha nilikuwepo, nimesimama na shangazi mbele kabisa, mahali pa familia. Kijiji kizima kilikuwepo. Wanawake wengi walikuwa wametoka moja kwa moja korongoni, kule kwenye visima vya kuchimba mchangani, na walisimama na ndoo zao kichwani kwa sababu hawakuthubutu kuziweka chini penye msongamano.

Sasa, kwetu kaburi halionyeshwi kwa kidole. Hata mtoto mdogo anajua: ukilinyooshea kaburi kidole, kidole kitaoza. Ukijisahau, unakiuma ncha haraka, huko ndiko kutengua. Ukitaka kumwonyesha mtu kaburi unainua kidevu, au unachomoza mdomo, basi. Baba alijua hayo kama anavyojua jina lake. Lakini alikuwa na maikrofoni mkononi, na mtu mwenye maikrofoni huwa hana akili zake zote. Akanyoosha mkono na kidole chote kwenye rundo la upande wa zizi, akasema, "Hapa ndipo alipolala mama yangu mzazi."

Wazee wakaguna. Baba akakitikisa kidole hewani kamera zikimwangalia. "Mnaogopa kidole? Hiki hapa, kipo, kizima. Sisi tunataka maji." Watu wakacheka, hata wazee wawili watatu. Hapo ndipo mambo yalipolainika, niliona kwa macho yangu.

Shangazi hakucheka. Alinishika mkono juu ya kiwiko akanibana mpaka pete yake ikaniachia alama. Akapiga hatua mbele na kufungua mdomo. Kisha akageuka, akawatazama wale wanawake wenye ndoo, akawatazama kwa muda, na akakifunga kinywa chake. Nilidhani ameudhika kwa ajili ya kidole. Nikamnong'oneza kwamba mdogo wake ndivyo alivyo, asimjali.

Mchungaji akaomba. Watu wakachimba taratibu, bwana afya akisimamia, na kilichopatikana kikafungwa kwenye shuka jeupe na kulazwa katika sanduku dogo. Baba alikataa kusaidiwa. Alilibeba mwenyewe kupanda mlima hadi kwenye makaburi mapya, na alikuwa akilia. Nimemwona baba akilia mbele ya kamera mara kadhaa katika maisha yake ya siasa, na tofauti naijua. Siku ile alilia kama mtu asiyeonwa na yeyote.

Kesho yake watu wakaanza kuhamisha wa kwao.

Kaburi la pili liliachwa kwa muda. Desturi ilitaka ndugu wa mama mdogo waje kutoka Chemba wamwinue wenyewe, kwa kuwa hakuacha mtoto, na habari ilikuwa imepelekwa lakini hawajafika. Kulikuwa na nafasi, mvua ilikuwa mbali.

Haukupita muda baba akawa waziri kamili. Sisemi uwaziri aliupata kwa sanduku lile. Wapo waliosema, na wapo waliosema mbele yangu nikiwamiminia chai. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile simu yake haikuwa mkononi mwake tena. Ilishikwa na msaidizi, kijana mpole sana mwenye sentensi moja: "Mheshimiwa yuko kikaoni." Shangazi alipiga asubuhi, mheshimiwa yuko kikaoni. Akapiga mchana, mheshimiwa yuko ziarani, mtandao unasumbua. Akaulizwa kama kuna ujumbe, akasema ujumbe wake si wa kumwachia kijana wa watu. Akanipigia mimi.

"Mwambie baba yako nataka kuonana naye kabla ya mvua. Habari ya mama mdogo."

Nilimwambia akiwa anafunga tai. Akasema, "Mwambie dada nalikumbuka. Wale ndugu wakifika tutamwinua." Nikampigia shangazi, nikamfikishia jibu kama lilivyo. Akauliza kama baba anakula vizuri, akakata simu. Baadaye nilisikia alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba lile kaburi lihamishwe bila kusubiri wa Chemba. Mwenyekiti akamwambia hakuna mtu wa kugusa kaburi la nyumba ya waziri bila waziri kusema neno.

Mvua ikawahi mwaka ule. Dodoma tunalia miaka yote kwamba mvua haiji, na mwaka ule ikaja kabla ya watu kumaliza kuandaa mashamba, ikaja yote. Bonde likajaa haraka kuliko wataalamu walivyotegemea. Nakumbuka picha zilizorushwa kwenye simu za watu: maji mekundu, na vichwa vya minyaa vikichomoza.

Baba alimpigia dada yake mwenyewe, Jumapili, akiwa sebuleni, simu akaiweka sauti ya nje kwa kuwa alikuwa akivaa viatu. Alikuwa na furaha. Akamweleza kimo cha maji, akamweleza nani na nani wamempongeza, kisha akakumbuka. "Na mama mdogo, dada, tusijisumbue roho. Amelala pazuri, kwenye maji baridi. Hana hata mtoto wa kumlalamikia." Alikusudia kumfariji. Kisha shangazi akasema, "Haya, mdogo wangu," na hakusema kingine.

Kwenye uzinduzi hakuja. Alituma salamu kwamba ana malaria.

Uwaziri wa baba ulikwisha jioni moja tukiwa mezani, kwa sentensi fupi katika taarifa ya habari: uteuzi wake umetenguliwa. Alikuwa ameshika tonge. Akalimalizia, akanawa, akaniomba nizime televisheni. Asubuhi lile gari kubwa lenye bendera likaondoka na dereva wake akashindwa hata kuaga vizuri. Viti vya sebuleni vikatosha tena. Kwenye kura za maoni zilizofuata akaangushwa na mtu aliyewahi kumbebea begi. Nilikasirika kwa niaba yake, nilikasirika kweli, nikawa nikikutana na wageni wetu wa zamani sokoni na kuwasalimia kwa heshima iliyozidi ili waone aibu. Hawakuona. Yeye hakukasirika. Alisema bwawa lipo, hilo hakuna wa kulitengua.

Kilichobaki katika maisha yake kilikuwa kaburi la mama yake kule mlimani. Alilijengea marumaru, akaandika jina la bibi, akapanda maua ambayo mbuzi waliyala, akapanda mengine na kuyawekea miiba. Kila tulipokwenda nilikaa garini nikisahihisha madaftari, naye alikaa kule hata saa nzima, amevua kofia, akizungumza. Nilifurahi kwamba ana pa kwenda.

Kisha akapata kiharusi. Hakikumwangusha kabisa, kilimwachia mkono wa kushoto uliolegea, mguu wa kuburuta na usingizi mwingi wa mchana. Shangazi akafunga nyumba yake akaja kukaa nasi kumuuguza, na ndipo nilipolijua lile la samaki. Siku hizo pia niliona jambo jingine ambalo sikulipenda. Baba, akiwa amekaa kibarazani na kudhani haonwi, alikuwa akikipeleka kidole chake cha shahada mdomoni na kukiuma ncha. Anakiuma, anakitazama, anakiuma tena, kama mtoto aliyejisahau makaburini. Nikimwita anakificha mfukoni. Mtu aliyekuwa akijibu maswali ya wabunge akiwa amesimama, bila karatasi. Niliingia ndani nikalia jikoni, sina haja ya kuficha.

Asubuhi moja tulikuwa watatu kwenye chai. Kulikuwa na viazi vya kuchemsha, na baba alikuwa akimenya chake polepole kwa mkono mmoja, amekataa nimsaidie. Akasema bila kumtazama yeyote, "Dada, hivi wewe humuoti mama?"

"Huwa namuota," shangazi akasema. "Kwa nini?"

"Mimi hajanijia. Tangu nilipomhamisha hajanijia hata siku moja. Anayekuja ni mama mdogo."

Shangazi akaacha kukoroga chai.

"Anakuja mchana kweupe nikilala kwenye kiti," baba akasema. "Anakaa hapo ngazini. Anasema nami kwa lugha yao, na mimi namwelewa, ndiyo ajabu yake. Ananishukuru. Anasema ahsante mwanangu kwa kunibeba. Sasa mimi nilimbeba wapi? Mimi nilimwacha majini. Najua ananisimanga. Kila nikifunga macho yupo, mpole, anashukuru." Akakiweka kiazi chini. "Nimechoka kushukuriwa, dada. Mwambieni mchungaji aje."

Nilimtazama shangazi nikitegemea atamkaripia, aseme hizo ni dawa za hospitali. Uso wake ulikuwa umebadilika. Akafuta mikono kwa kanga, kila kidole peke yake, na nikaogopa kabla sijajua ninaogopa nini.

"Hakusimangi," akasema. "Anakushukuru kwa sababu ulimbeba."

Baba akamwangalia.

"Aliye kule kwenye marumaru ni mama mdogo. Mama yetu alikuwa lile rundo la upande wa minyaa."

Nakumbuka jirani alikuwa akifagia uwanja wake na fagio lilikuwa likisikika, na nilitamani asimame kidogo. Baba hakupandisha sauti. Alisema tu, kama mtu anayerekebisha taarifa, "Hapana. Wewe mwenyewe ndiye uliyenionyesha."

"Ndiyo. Ni mimi."

Akaeleza, na hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Baba aliporudi kutoka bweni, kijana wa kidato cha pili ambaye amepewa habari ya msiba kwa barua, alimkuta dada yake njiani akitoka korongoni na maji. Hakumsalimia. Alimuuliza mama amelala wapi. Shangazi alikuwa msichana, ndoo iko kichwani imejaa, mikono yote miwili imeishika, na hata ingekuwa mitupu asingenyoosha kidole. Akainua kidevu kuelekea nyuma ya zizi. "Lakini na ndoo kichwani," akasema, "kidevu unakiinua wapi? Nilikiinua hivi tu." Akakiinua hapo mezani, kidogo sana, kiasi cha kukubali chai ya pili. Baba akaenda mbio, akafika kwenye rundo la kwanza, akaanguka hapo. Dada yake alipotua ndoo na kumfuata alimkuta ameshasimama, anajifuta, na kwetu mtu hahojiwi kaburini. Mwaka huohuo shangazi akaolewa mbali. Alirudi kijijini akiwa mjane, na baba alipokuja kuzuru alikwenda makaburini peke yake, alfajiri, alivyozoea. Hawakuwahi kusimama pale pamoja mpaka siku ya maikrofoni.

"Kwa hiyo siku ile ulijua," baba akasema.

"Nilijua uliponyoosha kidole."

"Ukanyamaza. Wewe."

"Ningesema, watu wote wale wangeona mheshimiwa hajui kaburi la mama yake. Nani angekufuata? Na wale wanawake walikuwa wamesimama na ndoo. Nilizibeba hizo ndoo, mdogo wangu, mpaka utosi ukaota ngozi ngumu, na mama alizibeba mpaka wiki aliyougua. Nilitaka maji." Akavuta pumzi. "Nikajiambia, hakijaharibika kitu. La pili nalo litainuliwa, watabadilishana majina tu, nitakwambia tukiwa wawili. Nikakupigia simu."

Baba akafumba macho. Nilijua anachokisikia: yule kijana mpole na sentensi yake. Nami nilikuwa nasikia sauti ya baba mwenyewe Jumapili ile, akivaa viatu. Hana hata mtoto wa kumlalamikia.

Tulidhani kiharusi kitarudi. Nilikuwa nimeshashika simu ya kumwita daktari. Lakini alikaa tu, mkono wake mzima ukiwa juu ya meza, kisha akasema, "Miaka yote hiyo nilikuwa namlilia mama mdogo."

"Alistahili kuliliwa," shangazi akasema. "Hakuwa na mwingine."

Tangu siku hiyo mama mdogo hakumjia tena baba usingizini. Nilitarajia hilo lingempa nafuu, na halikumpa. Aliacha kulala mchana. Alikuwa na ombi moja, akalirudia kwa wiki na miezi, kwa adabu, kama zamani alivyokuwa akiuliza lile swali lake bungeni: lini maji yatapungua. Alitaka kuonyeshwa mahali. Kufukua hakuwa akikuzungumzia, alikuwa waziri, alijua bwawa ni nini. Alitaka tu dada yake asimame naye pale amwonyeshe, asife akiwa hajui.

Tukasubiri kiangazi kikomae. Mwishoni mwa Oktoba, upepo wa vumbi ulipokuwa umechosha watu na mizabibu kando ya barabara imebaki vijiti, nikawapakia wote wawili kwenye kigari changu. Baba alivaa kaunda suti ya kijivu. Niliipiga pasi usiku wa kuamkia siku hiyo bila kumuuliza anaivalia nini.

Bwawa lilikuwa limekunjamana. Kingo zake zilikuwa matope yaliyopasuka vipande, na kwenye matope hayo bonde la zamani lilikuwa limeanza kurudi: misingi ya tembe, jiwe la kusagia lililosahaulika, mstari wa visiki vyeusi. Shangazi akaitambua njia ya kwenda korongoni akatembea juu yake kama aliyeipita jana. Baba alifuata akiegemea fimbo na bega langu. Tulifika mwisho wa matope makavu. Mbele yetu yalibaki maji, yametulia, rangi ya chai ya maziwa. Zizi lilikuwa huko. Hata kiangazi kile kikali hakikufika zizini.

Mwanamke mmoja alikuwa ameingia na punda wake mpaka magotini, anajaza madumu. Akageuka, akamtambua baba, akainama kidogo na kopo mkononi, akasalimia kwa kilugha kwanza. "Mbukwenyi. Shikamoo mheshimiwa. Tunashukuru kwa maji."

"Marahaba, mama," baba akasema. Sauti ilimtoka vizuri, sauti yake ya zamani. Kisha akamgeukia dada yake. "Haya, dada."

Shangazi akainua kidevu. Baba akatazama mbele, akatikisa kichwa. Palikuwa na maji tu, eneo lote limefanana, na kidevu cha bibi kizee kinaelekea popote. Akakiinua tena, akachomoza na mdomo. Baba akasema, "Sioni, dada. Sioni ni wapi." Alianza kuuburuta mguu mbovu kuelekea majini, nikamshika kiunoni.

Ndipo shangazi yangu, ambaye hajawahi kunyooshea kaburi kidole tangu azaliwe, na aliyewachapa wajukuu kwa kosa hilo, akafunua kanga na kuunyoosha mkono wote. Kidole kilikuwa kimepinda kwenye kiungo kwa baridi yabisi. Kilielekea pale aliposimama yule mwanamke, kidogo kushoto kwake, kwenye maji aliyokuwa akiyachota.

"Pale," akasema. "Mama yuko pale."

Baba akajitoa mikononi mwangu, akaenda kusimama nyuma ya dada yake, akaliweka shavu lake karibu na bega lake na kuufuata ule mkono kwa macho mpaka mwisho. Alitazama bila kupepesa. Mwanamke alijaza dumu, akalifunga, akajaza jingine.

Mkono wa shangazi ukaanza kuchoka na kidole kikaanza kuhama. "Usishushe," baba akamwambia. "Tafadhali, dada, usishushe bado."

Hakushusha. Nikamsogelea, nikaushika mkono wake chini ya kiwiko, nikaubeba.